Rangi ya Kucha Kwenye Injini ya Mama

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi. Makazi: kwa mama yangu, nyuma ya kiwanda cha mikate.

Nimeomba kuandika mwenyewe kwa sababu nikisema mbele ya watu maneno hunikwama, kwa lugha zote mbili za shule.

Gari la mama, analosambazia sare za shule, lilikuwa zuri likikimbia. Likisimama huku injini inawaka, lilitetemeka, sauti ikapanda na kushuka, kisha likazima. Mnamo Jumamosi tarehe 9 asubuhi jirani yetu, Fundi Kipara, alifungua boneti uani akaniambia nisikilize. Nikasikia "sss". Paipu moja ya mpira ilikuwa imelegea.

"Inavuta hewa ya wizi, mwanangu. Ndiyo maana inatetemeka kama mwizi."

Akaikaza, injini ikatulia. Akaomba rangi yangu ya kucha, akachora mstari kutoka kwenye paipu hadi kwenye chuma. Ndiyo kawaida yake. Mtu akiigusa, mstari unaachana. "Usimwambie mtu," alisema, "watasema kipara kimeanza urembo."

Jumapili mjomba alikuja kula, akaomba funguo asikilize redio. Jumatatu gari lilimzimikia mama katikati ya makutano. Lori lilifunga breki karibu na mlango wake. Mjomba akasema, "Dada, huyo kipara analiharibu ili umrudie na pesa za matengenezo. Niuzie mimi, hata kwa bei ya chuma chakavu. Udugu ni kufaana." Mama akaja hapa kituoni kushtaki. Fundi akawekwa ndani.

Jumanne nilikuta mstari umeachana, nikaikaza ile paipu mwenyewe, nikachora mstari mpya. Gari likatulia. Nilinyamaza, niliogopa kumdhania mtu mzima. Jumatano mjomba alikuja kumpa mama pole. Alhamisi likatetemeka tena, na mstari ulikuwa umeachana. Fundi alikuwa bado kwenu, Afande.

Leo Ijumaa mjomba amenileta kwa gari hilohilo. Njiani alisema, "Sema ulimwona fundi akichomoa kitu. Wewe mpole, watakuamini." Sikujibu. Huwa sijibu, kwa hiyo hakushangaa.

Gari liko nje ya dirisha hili, linawaka. Jana jioni lilikuwa linatetemeka. Leo anaendesha yeye, na limetulia.

Niliyoyaandika ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sina jingine. Naomba nirudi nyumbani kwa miguu.

Sahihi ya shahidi: (ameweka)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali kuwa ni sahihi. Nimetoka nje nikamwomba mjomba wake azime gari na afungue boneti. Kabla ya kuzima ameuliza, "Kwani mtoto amesema nini?"