Shimo mu Chumba ya Noëlla

Kazi moja, lundi 2 février 2026

Leo reunion mu shapel. Bantu balijaa mpaka inje. Madame moya anaitwa Mushiya, anatoka Kinshasa, hasikii Swahili ata kidogo. Eko anatumika na biro yenye kupima mazingira. Alisema kompani inataka kujenga data senta pa ile nafasi ya bure nyuma ya cité yetu, njia ya Musonoi. Data senta — nyumba mukubwa ya ba-ordinateri tu. Hakuna mutu ataikala mule. Mapicha ya bantu, ma-message, bintu yote ya telefone, njo inalala mule.

Alisema mbele ruhusa ya mazingira ilikuwa inakamata mwaka muzima, na zaidi. Mayi ku biro yake, udongo ku biro yake, kelele ku biro yake. Sasa iko gishe moya, dirisha moya tu ya kuomba ruhusa. Bakubwa bote banaikala ku meza moya, banapima, banauliza bantu, banapita mu manyumba, basi. Mu mwezi moya tu, mwezi ya tatu, ruhusa inatoka.

Tata Ntambwe, jirani yetu, alisimama. Alisema: Madame, choo ya soko tuliomba ruhusa tangu zamani, mpaka leo tunaenda mu majani. Na nyinyi ni mwezi moya? Bantu balikufa na kicheko. Ye hakucheka.

Mi sikuwa naangalia Madame. Nilikuwa naangalia Sadrack. Eko na jile ya orange, ile kizibao ya bantu ya kazi. Njo ye anageuza Kifransa mu Swahili. Sadrack! Tulikuwa naye mu kariere, tunachimba kobalti, tunakula bukari mu sahani moya, anaomba mi nitangulie chini juu ye anaogopa giza. Sasa anashika mikro na bidole bibili tu, kama mutu anashika yai.

Noëlla, binti ya Tata Ntambwe, aliikala mbele kabisa. Alikuwa anamuangalia Sadrack mu kinywa.

Tulipotoka Sadrack alinigonga bega: "Bubu, hauna swali?" Ananiitaka vile tangu masomo, juu sisemi mingi. Nilisema hapana.


Kazi tatu, 4 février

Mashini ya kompani inatoboa chini pa ile nafasi. Inatosha inje udongo murefu-murefu kama mukate, banapanga mu kisanduku. Sadrack anazunguka anaeleza bantu: ni kuona kama udongo itabeba nyumba, na mayi iko chini wapi, juu ile ba-ordinateri inapata joto, inaomba mayi ya kuipoza muchana na usiku.

Hakuna mutu anamuamini. Hapa kwetu mutu akipima udongo, anatafuta jiwe ya madini. Na mbio hii njo inaharibu kabisa. Mama moya ku bomba alisema: kama ni nyumba ya telefone, bangetukawisha kama siku zote. Ruhusa ikienda mbio, chini kuko kobalti. Bote balitikisa kichwa.

Mi pia nilitikisa. Nilifurahi. Si juu ya kobalti. Juu ya kusikia bantu banasema Sadrack ni mwongo.


Kazi tano, 6 février

Bantu ya Madame balipita kupanda bijiti bya rangi nyekundu. Mwenye kuwa ndani ya bijiti atahamishwa, atapewa nyumba mupya ya matofari, malata mupya, bomba mu parsele, ndani ya kiwanja yake. Mwenye kuwa inje anabakia.

Mustari inapita katikati ya kwetu na kwa Tata Ntambwe. Bo ndani. Shi inje.

Mama anasema ni mashini njo ilipima, niache maneno. Mashini ndiyo, niliona. Mais mukono yenye kupanda kijiti ilikuwa ya nani? Mbele ya kuipanda Sadrack aliinama, akaangalia nyumba yabo, akaangalia yetu. Mi nilikuwa nyuma ya ukuta. Niliona.

Kisha Noëlla alimuletea mayi mu glase. Ile glase inaikala mu kabati, na mama yake anaipanguza kila posho. Mwaka jana mi nilibachimbia kisima. Nilitoka chini matope mpaka mu maskio, alinipatia mayi mu kopo ya plastiki yenye kupasuka. Nilikunywa. Nilisema asante.


Posho, 7 février

Tata Ntambwe alikuya kwetu asubui, alivaa viatu. Nilijua ni neno mukubwa.

"Beya, mwana wangu. We unachimba bisima. We ulikuwa mu kariere. Niambie: mbio vile ni juu ya ba-ordinateri?"

Nilisema sijue, tata.

"Ata mi sijue. Mais sitaachia bantu ya Kinshasa kitu ya chini ya kitanda yangu."

Anataka nichimbe ndani ya nyumba. Mu chumba ya Noëlla, juu mugeni haingiake mule. Nilimukumbusha neno Madame alisema siku ya bijiti: nyumba yenye shimo ya kuchimba, banaifuta ku liste, hakuna nyumba mupya. Alisema: tunachimba, tunaona, tunafunika. Kama kuko jiwe, mi ni tajiri. Kama hakuna, bado niko na nyumba mupya. Pande zote nashinda.

Nilikubali mbele amalize kusema.


Kazi mbili, 10 février

Siku ya pili mu shimo. Chumba yake ni kidogo. Rinda ya kanisa iko ku musumari. Mafuta ya kujipaka mu kidirisha, kitana yenye inapoteza meno mbili. Kitanda tulisukuma ku ukuta. Mi naongea na hii bintu kuliko na ye.

Najaza saki, navuta kamba, Noëlla anapandisha. Udongo anaenda kumwanga mu bustani, chini ya sombe, majani ya muhogo. Mikono yake iko na nguvu. Wakati moya kamba ilikwama, aliinama pa shimo, nywele yake ikashuka, alisema: "Beya, uko muzima kule?" Jina yangu yote. Si Bubu.

Nilisema ndiyo. Ningeweza kusema kitu ingine. Nilitafuta mpaka saki ya kufwata, sikupata.

Kisha akasema: Sadrack anasema mu data senta hewa ni ya baridi kama mu frigo. Sadrack anasema batatafuta bantu ya kupika ku kantini. Sadrack anasema. Nilipiga baramina, ile chuma ya kuchimbia, chini na nguvu, mpaka akanyamaza.


Kazi ine, 12 février

Hakuna kitu.

Najua. Udongo nyekundu, kisha ya njano, sasa ile nyeupe ya kunata kama bukari ya jana. Mwenye alichimba kobalti anajua. Udongo yenye iko na kitu inabadilika harufu, inaanza kuchora nyeusi mu mikono. Hii haichore. Sadrack alisema kweli — ni nyumba ya ba-ordinateri tu, na banaenda mbio juu banataka kuenda mbio.

Mangaribi Tata Ntambwe alichungulia mu shimo: "Namna gani, mwana?"

Nilifungula kinywa ya kusema hakuna. Ikatoka: "Tata, rangi inaanza kugeuka. Tushuke kidogo."

Alifurahi sana. Aliniletea bukari na samaki, nyama yote ya kichwa. Noëlla njo aliniletea mayi. Mu glase.

Nikisema hakuna, kesho niko kwetu, na Sadrack eko mutu ya kweli. Nikisema kuko, niko mu chumba yake siku ingine moya. Njo hesabu yote. Hakuna ingine.


Siku ya Mungu, 15 février

Kanisani Sadrack aliikala na familia ya Tata Ntambwe, benchi moya. Bila jile. Shati nyeupe, ya kupigwa pasi. Kwetu courant ya umeme ilikatika tangu kazi tano, sijue ye anapata pasi wapi. Labda ya moto ya makala. Nilipoteza mahubiri yote juu ya kuwaza ile pasi.

Inje alikuya kwangu. Alisema ruhusa ikitoka, kompani inamuandika kazi ya kweli, na akiandikwa ataleta ba-oncle yake kwa Tata Ntambwe, kuomba Noëlla. Alinieleza kama mutu anaeleza ndugu. "We njo wa kwanza kusikia, Bubu." Nilisema ni muzuri.

Nilipita pale pa bijiti. Fasi yenyewe bado ni majani. Nilisimama pale nawaza: hii nyumba ya ba-ordinateri itapata courant bila kukatika. Itapata mayi. Itapata hewa ya baridi. Bakubwa ya biro yote banaikala ku meza moya juu yake. Kwa nini kila kitu inafunguliwa kwa yeye mbio vile? Mi niko na bwivu mpaka ya nyumba yenye haiyajengwa.


Kazi mbili, 17 février

Mvua usiku muzima. Mayi inaingia chini ya shimo. Niliitosha na ndoo, inarudia. Na kitu ingine: ukuta ya chumba inapasuka, chini ya dirisha, ufa ya kupitisha kidole.

Noëlla aliiona mbele yangu. Aliikala pa mwinuko ya udongo, miguu inaning'inia mu shimo. Hakukamata kamba.

"Beya. Sema kweli. Kuko kitu ao hakuna?"

Ye tu njo aliniuliza vile, polepole. Nilikuwa na kweli pa ulimi. Nilisema: "Sijue."

 Alisema: kazi tano bantu ya gishe banapita mu manyumba. Tata anaota kununua camion, mama alisha kuchagua rangi ya nyumba mupya. Batapoteza yote mbili? Kisha alisema: "Sadrack aliona udongo nyeupe mu bustani. Hakuuliza kitu. Aliniangalia tu, akachukua jembe ya mama, akaifunika na ile nyekundu."

Sasa bo babili beko na siri. Siri ya shimo yangu. Mi nachimba, bo banafunika.

Nilirudia kwetu, nilikataa kula. Mama aliuliza ni malaria? Nilisema labda.


Kazi tatu, 18 février

Asubui nilimuambia Tata Ntambwe. Hakuna jiwe, tata. Nilichimba mpaka mwisho, hakuna.

Aliikala pa kiti. "Ile kazi ine ulisema rangi inageuka."

Nilianza kukunja kamba.

"Mwana, ile kazi ine ulisema rangi inageuka."

Hakunipigia kelele. Ningependa anipigie. Alisema tu: jaza shimo mbele ya kazi tano. Na ukuta, tengeneza na udongo, paka chokaa. Wewe peke yako. Noëlla hatavuta kamba tena.


Kazi ine, 19 février

Nilijaza muchana muzima. Udongo yenye tulitosha mu shimo ni kidogo, mvua iliibeba mu bustani. Ufa niliziba, nilipaka chokaa. Kunabakia shimo ya urefu ya mutu: nikisimama ndani, kichwa inafika juu hapo hapo. Kesho asubui sana naleta udongo ya kwetu na brouette, ile toroli. Banasema bantu ya gishe bataanza ku mwisho ingine ya cité, kwetu batafika ku muchana.


Kazi tano, 20 février

Siku zote naandika ku kitanda yangu. Leo naandika chini ya kitanda ya Noëlla. Mu shimo. Mwanga ya telefone nilifunika na shati.

Hawakuanza ku mwisho ingine. Balianza kwetu. Nilikuwa chini nakanyaga udongo ishikane, nikasikia motere ya jip inje. Hakuna muda ya kupanda. Noëlla alisukuma mbao juu yangu, kisha mukeka, kisha kitanda. Mayi inanifikia mu kifundo. Niko nasimama.

Beko mu chumba sasa. Batatu, ao bane. Najua mwendo ya Noëlla, peku. Najua viatu ya Sadrack.

Madame anauliza kwa Kifransa. Sadrack anageuza: "Hii chumba ya nani?"

Tata Ntambwe: "Ya binti." Sauti yake ni ya mutu mwenye homa.

Madame tena. Ku ukuta — anagonga na kidole, nasikia. Chokaa ya jana haiyakauka. Anauliza murefu. Sadrack hageuze. Anajibu ye mwenyewe, kwa Kifransa. Nasikia "pluie". Nasikia "toutes les maisons". Mvua, manyumba yote. Anasema polepole, bila kutetemeka, na ile sauti ya mu shapel. Sadrack mwenye haongopake, mwenye bantu bote banamuita mwongo juu ya kusema kweli. Leo anaongopa, na ye njo banamuamini.

Kama banafungula hii mbao, jile yake inaisha leo. Kazi, ba-oncle, yote. Nyumba mupya ya Noëlla inaisha pia, kwa mukono moya.

Madame anaikala pa kitanda. Mbao inainama. Anaandika, nasikia anageuza karatasi. Udongo inashuka juu ya uso yangu, laini, kidogo kidogo. Mu pua. Mu koo.

Tata Ntambwe anasema: "Asante, mwana wangu." Hasemi na mi.

Sasa Sadrack anasema kitu kwa Swahili. Kwa sauti ya kucheka, kama anaongea na Noëlla, juu Madame hasikii. Anasema: "Bubu, vumilia kidogo. Tunatoka sasa hivi."

Alijua. Tangu anaingia alijua.

Noëlla anacheka. Kidogo tu, kicheko ya woga — mais anacheka naye.

Nilitia mukono mu kinywa. Kikohozi iko inapanda. Sijue kama niko naizuia ao niko naingojea. Madame bado anaandika