Nafasi ya Picha Tumeiacha Wazi

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ufumbe macho pale wodini, kitanda cha dirishani, sisi watoto wako watatu tumekuzunguka. Machozi yetu yamepungua, hilo hatukufichi. Aibu ndiyo haijapungua, na tumekubaliana mwaka huu tuiseme hadharani, kwa sababu kosa lenyewe tulilifanya hadharani.

Kalamu wameniachia mimi, kitinda mimba wako, uliyeniita Redio kwa kuwa sizimiki. Kaka na Dada wamesema aliyepiga picha ndiye aandike.

Kwa miaka ishirini na miwili uliendesha chama cha kuwapatia watu magongo na viti vya magurudumu, kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la matairi. Cha mbele kilikuwa ofisi, cha nyuma karakana, ambako fundi wako alichomelea vyuma na kulalamika kutwa. Kazi yako ilikuwa kutafuta fedha, na ulizitafuta kwa miguu yako mwenyewe. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkono wa birika wa kutupwa, alikuwa akiuona tu mkoba wako mlangoni anakimbilia stoo. Wewe unavuta kiti, unakaa, unayasalimia magunia ya saruji: "Hamjambo humo? Mwambieni bosi sina haraka, nimekuja na chai yangu." Alitoa kila mwaka, akinung'unika. Siku ya mazishi alilia kuliko sisi.

Nyuma ya mlango wa ofisi ulitundika kioo kirefu, na kando yake ukaweka kichana, mafuta, pasi na mashati kadhaa safi. Wachangiaji walitaka picha za waliosaidiwa, na sharti lako lilikuwa moja: mtu hapigwi picha kabla hajajitazama kwenye kioo akaridhika. Akishapigwa anaonyeshwa. Akisema hapana, inafutwa mbele ya macho yake, hata kama imetoka nzuri. Fundi viatu wa pale kona, siku alipopewa kiti chake, alitumalizia mchana mzima akichagua shati, Dada anapiga miayo, wewe unampigia pasi la tatu.

Siku moja bwana kutoka shirika kubwa la wafadhili alipekua albamu yako, akakunja uso. "Mama, watu wako wanaonekana wazima mno. Nani atawaonea huruma?"

"Wasiwaonee huruma," ukamjibu. "Wachangie tu."

Akafunga mkoba wake akaondoka. Fedha zile tulizikosa, tukakusema wiki nzima, ukatuacha mpaka tukachoka wenyewe.

Ulipolazwa, michango ilikatika, maana watu walizoea kukuona wewe. Mwenye vyumba akatupa wiki mbili tulipe kodi, la sivyo karakana ifungwe. Tulikaa kwenye benchi la korido tukakuna vichwa. Nikarudi kitandani kwako, nikakukuta umelala: mdomo wazi, mpira puani, kitambaa kimeteleza kichwani, nywele zako chache ziko nje. Nitasema nilichokiwaza, Mama. Niliwaza, hii itawaliza. Nikapiga. Kaka akaandika maneno ya chini: "Mama yetu anaondoka. Msiache kazi yake iondoke naye." Dada akaisambaza kwa kila namba iliyokuwa kwenye simu yako. Simu yako mwenyewe.

Ndani ya siku tatu zikaja fedha ambazo wewe ungezihangaikia mwaka. Tukaja kukupa habari njema, tunacheka. Ukauliza, "Mmewaambia nini mpaka wakatoa hivyo?" Kaka akakupa simu. Uliitazama picha ile. Kisha ukakiomba kitambaa chako, ukajifunga mwenyewe, ukakataa kusaidiwa.

"Ungeniamsha tu, Redio," ulisema. "Ningejiweka sawa."

Na mimi, badala ya kukuomba radhi, nikajibu, "Lakini Mama, fedha zimepatikana."

"Eeh, zimepatikana," ukasema. Ukamgeukia Kaka, ukamuuliza kama fundi amepata vipuri vya breki. Siku nne baadaye ukatutoka. Tungependa kusema kwamba muda haukutosha kuomba msamaha, lakini siku nne zinatosha. Tulikuwa tunakwepa.

Afadhali tungeishia hapo. Mwisho wa mwaka tukaituma tena picha ileile, kwa kuwa mara ya kwanza ilifanya kazi. Safari hiyo fundi viatu alikuja ofisini kwenye kiti chake, amevaa shati lile ulilompigia pasi, simu mkononi. Hakupaza sauti. "Mimi mlinipa mchana mzima nichague shati," alisema. "Huyu mlimnyima hata dakika ya kufunga kitambaa?" Dada alitoka nje. Tangu siku ile, nikipita kwenye kile kioo naangalia pembeni.

Fedha zile hatuwezi kuzirudisha, Mama. Zimeshakuwa magurudumu, na kuna watu wanayategemea kwenda sokoni na kazini. Karakana iko wazi, fundi bado analalamika. Hapo ndipo tunapokwama: kosa letu limewafaa watu, na bado ni kosa. Tumekuwa tukiwazungukia waliotumiwa, mlango kwa mlango kama ulivyokuwa ukifanya, kuwaomba waifute. Mwenye duka la vifaa alikuwa ameichapisha kubwa na kuitundika juu ya kaunta, kwa mapenzi tu, masikini. Tulipomweleza, aliishusha taratibu, akaikunja, akaingia nayo stoo. Mara hii hakuna aliyemcheka.

Na wewe unayesoma, kama picha ile ingali kwenye simu yako, tafadhali ifute. Leo hatuombi mchango wowote ila huo.

Binti wa dirisha la matangazo hapa gazetini alitushangaa. Alisema kumbukumbu isiyo na picha watu wanaipita tu, tena nafasi yake tumeshailipia. Picha zako tunazo, Mama, droo nzima. Lakini hakuna hata moja tunayoweza kukuonyesha kwanza, useme ndiyo au hapana. Kwa hiyo nafasi tumeiacha wazi.

Unakumbukwa na mumeo, Baba yetu, ambaye hatukumuuliza siku ile na ambaye hajakubali kuitazama picha ile hata mara moja. Na wanao, Kaka, Dada na Redio. Na mdogo wako, Mama Mdogo, anayekuja kupangusa kioo kila Jumatatu. Na wakwe zako, na wajukuu watano wanaogombania mkoba wako. Na fundi wa karakana, na fundi viatu, na wote waliojitazama kwenye kioo kile wakaridhika.

Tusamehe, Mama. Siku zote tutakukumbuka ukiwa macho, na kitambaa chako kikiwa kichwani.