Niliibeza Shahada Mezani, Sasa Naisomea kwa Siri

Mshauri mpendwa,

Baada ya salamu naomba msaada wako kabla chuo hakijafunga usajili wa muhula ujao, kwa maana siku hiyo ikipita nitakuwa nimemfungia mtu mlango kwa ulimi wangu mwenyewe.

Mimi ni kijana mwenye shahada ya falsafa, niliyoipata kwa daraja la juu, na ninafanya kazi katika ofisi ya maagizo ya kiwanda cha samani, ambako wateja hunieleza wanataka kabati la namna gani nami nawaandikia mafundi, na kwa kuwa napenda kusoma na napenda zaidi kubishana, wenzangu wamenibandika jina la Wakili, jina ambalo, sikufichi, linanipendeza. Mwaka jana, tukila chakula cha mchana kwenye meza ndefu nyuma ya karakana, dada wa mapokezi alitutangazia kwamba anataka kujiunga na shahada ya biashara ya masomo ya jioni huku akiendelea na kazi, na badala ya kumpa hongera kama walivyofanya watu wenye adabu, mimi niliweka kijiko chini nikaanza: kwamba biashara haisomewi, kwamba hiyo ni akili ya sokoni iliyovalishwa tai, kwamba anayefanya kazi mchana kutwa na kusoma jioni ni mshika mbili, na moja itamponyoka, na nikazipandanisha hoja hizo mpaka dereva wa lori akapiga meza akasema, "Wakili, kesi umeshinda, mwache mwenzio ale!" Watu wakacheka, dada naye akacheka, na kesho yake akaniambia, "Basi kaka, nimeghairi. Wewe umesoma, unajua." Nami, Mungu anisamehe, nilijiona mshindi.

Haukupita muda meneja akadokeza kwamba anatafuta mtu wa kusimamia mauzo na angependa awe na elimu ya biashara, nami nikaenda kimyakimya kujiandikisha katika shahada ileile niliyoitukana, na kwa kuwa vipindi huanza kabla kazi haijaisha ilinibidi nitoe sababu ya kutoka mapema, na kinywa changu, ambacho hakijawahi kukosa jibu, kikamwambia meneja kwamba mgongo unanisumbua na nimeandikiwa mazoezi ya viungo hospitalini. Nilidhani yangeishia hapo. Dereva akaniletea dawa ya kuchua aliyoiomba kwa mama yake. Fundi mkuu wa karakana alinisimamisha ukutani, akanipima uti wa mgongo kwa futi yake kama mtu anayepima mbao, kisha akanitengenezea kiti chenye egemeo refu lililopinda vizuri, akaniambia, "Kaa hapa, mwanangu. Mgongo hauuzwi dukani." Na dada wa mapokezi, yuleyule, siku hizi hunibebea sampuli za vitambaa kutoka stoo ili nisiiname. Ninakaa kwenye kiti kizuri kuliko cha meneja, na kinaniunguza kama kaa la moto.

Lililo gumu zaidi kulisema ni kwamba masomo yenyewe nayapenda. Niliingia kwa kufuata cheo, lakini siku mwalimu wa takwimu alipotuonyesha jinsi ya kukadiria mahitaji ya wateja wa msimu ujao nilisahau hata njaa niliyotoka nayo kazini, mitihani ya kwanza nimefaulu, na darasani nimekaa kati ya muuguzi na fundi wa simu, mbele yetu mama wa mapacha, wote wametoka kazini, wote wanapiga miayo na wote wanamudu, na kila nikiwatazama najua kwamba mmoja anakosekana na aliyemzuia ni mimi. Juzi dada aliniuliza, akijifanya anatania, "Kaka Wakili, hivi ile shahada kweli haina maana? Maana usajili unafungwa mwisho wa mwezi huu." Nikamjibu kwamba nitafanya utafiti kwanza. Mama yangu, ninayeishi naye na ambaye peke yake anaijua siri hii, aliposikia jibu hilo aliguna, akaniuliza, "Utafiti wa nini tena? Si umwambie jioni huwa uko wapi?"

Nikisema kweli, meneja ataniona mwongo na ile nafasi itaota mbawa, na mafundi watanicheka hadi nistaafu. Nimefikiria kumwambia dada kwamba nimesoma makala mapya yaliyonibadilisha msimamo, bila kujitaja. Je, hiyo si njia ya kati inayokubalika?

Wakili mwenye mgongo mzima

*

Wewe Wakili,

Hapana, haikubaliki. Hiyo ni njia ya kukufikisha wewe salama.

Nimecheka ulipopimwa kwa futi, kisha nikakasirika. Unafanya kazi kutwa, unasoma jioni, na unafaulu: kwa hilo nakupa pongezi bila kupunguza neno. Kubadili msimamo nako si aibu. Mtu husoma ili siku moja agundue alikosea, na wewe umegundua mapema.

Lakini kuna jambo hukuliandika, nami nimeliona. Meneja anatafuta mtu mwenye elimu ya biashara. Dada wa mapokezi, anayewajua wateja wenu wote kwa sura na kwa hasira zao, angeweza kuitaka nafasi hiyohiyo. Ukimya wako unamweka nje ya mashindano ambayo wewe umo ndani. Sisemi ulikusudia. Nasema unafaidika, na kila siku unayonyamaza unafaidika zaidi. Kicheko cha mafundi unakiogopa. Hili ndilo ungeliogopa.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi, kabla kazi haijaanza, ingia kwa meneja. Mwambie mgongo ni mzima, mwambie unasoma nini na wapi, kisha uombe ruhusa kama wanavyoomba watu wazima: pendekeza kuingia kazini mapema siku za vipindi. Usitumie neno "hata hivyo". Akikasirika, ana haki. Nafasi ikikupita, ikupite. Elimu uliyokwisha kuipata hakuna atakayeidai irudi.

Mchana, mezani. Uliyasema mbele ya watu, utayafuta mbele ya watu: "Niliwaambia shahada ile haina maana. Naisoma, na ina maana. Niliwadanganya kuhusu mgongo, nisameheni." Basi, uketi. Dereva atapiga meza, mwache apige. Fundi mkuu mfuate karakana peke yake, umwombe radhi kwa kazi ya mikono yake, naye ndiye atakayeamua kiti kikae wapi. Watakucheka wiki mbili tatu. Waliokuletea dawa na kukubebea mizigo hawatakutupa kwa hilo. Watu hao wanakupenda, hata kama mdomo wako hauwapi nafasi.

Kisha zungumza na dada. Mweleze yote: kazi za kikundi ambazo mmoja haonekani, usingizi darasani, wikiendi zinazomezwa na majaribio, na raha ya kuelewa kitu jioni ukakitumia asubuhi. Mtajie na nafasi ya mauzo, waziwazi. Mtu aliyeghairi kweli hafuatilii usajili unafungwa lini, kwa hiyo nina matumaini naye, na nina matumaini nawe pia.

Baada ya hapo ufanye jambo ambalo kwako litakuwa gumu kuliko mtihani wowote: nyamaza. Akisema anajiandikisha, mwonyeshe ofisi ilipo. Akisema hataki, usijenge hoja hata moja. Mara ya kwanza uliamua wewe. Safari hii mwache mwenyewe aamue, na ukae umsubiri.