Jogoo wa Mama Kulwa

Jumanne, 11 Machi 1975

Sikumwambia. Nafasi nilikuwa nayo, na sikumwambia.

Mtoto Kulwa aliletwa jana hospitalini kwetu akiwa hawezi kupumua. Alikuwa amekunywa maji kwenye chupa iliyowahi kutiwa dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Mfuko wetu wa kupulizia hewa ni mmoja tu, nao ni wa watu wazima. Najua kabisa kwamba mtoto unambonyezea kidogo, kwa vidole. Lakini ndugu zake walijaa dirishani wakinitazama, nami nikataka waone kifua kinapanda. Nikaukamua kwa mikono miwili.

Shingo ikamvimba. Nilipoigusa, ngozi ilikwaruza chini ya vidole kama ina chumvi ndani. Daktari akaja mbio, akamtia ubavuni mpira wa kutolea hewa, kisha akaniambia polepole, "Umempasua pafu."

Mtoto yu hai. Mpira bado anao.

Leo mama yake kaja na jogoo. Ananiita dokta, mimi tabibu msaidizi. "Wabeja, dokta, asante sana. Wote tuliona ulivyompulizia kwa nguvu zako zote."

Nikatabasamu. Nikampokea yule jogoo kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.