Wino wa Bwana Harusi

Zubeda uko wapi. Harusi ya kaka Suhaib imekwama huku Tabata, na kalamu ndiyo imeikwamisha.

Si unamjua na zile kalamu zake za kujaza wino. Asubuhi hata kanzu hajavaa, keshaipiga picha kalamu ya leo awaonyeshe wenzake wa kundi lao la kalamu. Shehe alipotoa peni yake, kaka akasema hapana, cheti changu tunasaini kwa hii.

Wakasaini wote. Hata baba mkwe, na unajua tulivyombembeleza mpaka akaikubali ndoa hii.

Shangazi Chausiku akaingia na vigelegele na mrashi wake, akawanyunyizia marashi. Matone yakaangukia cheti. Akaona aibu, akakifuta kwa pindo la khanga.

Akakifuta, Zubeda. Saini zote zikahamia kwenye khanga. Kumbe kaka kajaza ule wino wake wa kila siku, unaotoka kwa maji.

Shehe akasema haina neno, ndoa imeshafungwa, cheti kingine kipo, tusaini upya. Baba mkwe kakunja mikono.

"Mie nimeshasaini. Kama imefutika, sikuifuta mie."

Hivyo hivyo. Sikuifuta mie. Biriani linapoa, bibi harusi yuko chumbani na hina zake, hajui kitu.

Kaka kakaa tu mkekani, anaifungua kalamu, anaifunga.

Simu yake ninayo mie. Wenzake wa kalamu wameandika sasa hivi: "Bwana harusi, leo umetumia wino gani?"

Niwajibu nini?