Siku Niliyompa Mtani Wangu Shikamoo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na korosho za nyuma ya nyumba, zimeanza kudondoka? Sisi huku Moshi, mimi na Shabani mdogo wangu, tu wazima, alhamdulillahi. Nimetanguliza uzima wetu makusudi, ili uyasome yanayofuata moyo ukiwa mahali pake.

Najua unavyowaambia majirani hapo Milola: "Zainabu anamwona mdogo wake kila siku kwenye kioo." Ni kweli na si kweli. Kazi yangu katika ofisi hii ya kupandisha wageni ni kutazama kamera mbili zilizofungwa ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro, moja kambi ya kati na nyingine kambi ya juu. Linalotokea kule naliona hapa saa hiyohiyo. Naangalia mawingu, mvua na upepo, kisha nawaambia viongozi wa misafara kwa simu ya upepo. Shabani hubeba mahema. Akipita mbele ya kamera namwona mdogo kama sisimizi na punje yake. Lakini kamera ina jicho tu, mama, haina mkono.

Kiongozi wa msafara wao ni Komba, Mngoni wa Songea, mtu mzima aliyenizidi miaka mingi. Unajua tena Mngoni na Mmwera: watani. Sijawahi kumsalimia kwa adabu hata siku moja. Kila asubuhi huniuliza, "Mmwera, bado hujazikwa?" nami humjibu, "Namngoja Mngoni atangulie akachimbe kaburi." Mara ngapi nimemtisha kwamba theluji inamfuata mgongoni, akatoka hemani mbio, kumbe jua kali! Tulikuwa tunacheka sana.

Wiki iliyopita, asubuhi, kambi ya kati, walikolala Komba na msafara wake, ilikuwa na jua zuri. Alama yangu ya kambi ya juu ni paa jekundu la choo. Likionekana, najua njia inapitika. Nimeshika kikombe cha chai, paa likapotea. Nikadhani kioo kimeingia vumbi, nikakifuta kwa kanga. Halafu nikaona hema linaburutwa na upepo na theluji inapiga kwa ubavu. Wapagazi ndio hutangulia mbele ya wageni, na nguo zao ni nyepesi. Shabani alipanda na lile sweta la bluu ulilompa, lililotoboka kiwiko.

Nikashika simu. "Komba, rudisha watu. Huko juu kumeharibika."

Akacheka. "Mmwera, leo umeamka na njaa? Hapa jua linanichoma kisogo, na vijana wangu wameshaanza kupanda."

"Wallahi naona kwa macho yangu!"

"Na juzi uliapa hivyohivyo."

Ni kweli, mama, juzi niliapa hivyohivyo kwa mzaha. Utanigombeza, na haki unayo. Nikapiga kelele, naye akazidi kucheka, maana hata kelele zilikuwa sehemu ya utani wetu. Nikaona nitamuua ndugu yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Basi nikaacha kelele, nikasema taratibu kama niliyesimama mlangoni kwako:

"Shikamoo, kaka Komba."

Kicheko kikakatika. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Marahaba," akasema. "Nieleze."

Nikamweleza. Hakuuliza mara mbili; alipuliza filimbi na kuwafuata mwenyewe. Waliotangulia walikuwa kumi na wawili. Nikawahesabu wakirudi mbele ya kamera ya kati, kidole changu juu ya kioo, mpaka kumi. Sweta la bluu halimo. Kisha wingu likashuka hadi huko, kioo kikawa cheupe chote. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, nyingine nikazichanganya. Mpaka chai ikapoa kabisa ndipo Komba alipoita: "Tumetimia." Shabani alikuwa nyuma, akimwegemeza begani mwenzake aliyeteguka mguu.

Waliposhuka, nilimkumbatia Shabani mbele za watu, akaona haya. Sasa anataka kupanda tena. Nimemwambia hapandi mpaka wewe useme, kwa hiyo nijibu upesi.

Komba naye alikuja ofisini. Nilikuwa nimemwandalia tusi la nguvu. Akavua kofia, mtu mzima yule mwenye mvi, akasema, "Shikamoo, dada." Nililia tu.

Nisalimie kaka mkubwa, umwambie apulizapo mikorosho dawa afunge kitambaa puani. Msalimie mjomba fundi cherehani wa Kivinje. Na shangazi muuza wali wa Nangurukuru mwambie asiwaonee sana madereva wa Kingoni wanaokula kwake. Mngoni mwenzao ametuletea Shabani mzima.

Mama, miaka yote nimekuwa nikiiandika ile salamu juu ya barua kwa mazoea, kama mtu anayebandika stempu. Leo naiandika tena hapa chini, nikijua ninachosema.

Shikamoo, mama.

Mwanao,
Zainabu