Yago la Ouma

Karungu, Jumanne

Hawataki hata kungoja wiki iishe! Mtumbwi wa mdogo wangu Ouma ulionekana juzi ukielea mtupu karibu na Muhuru Bay, na leo baba mdogo amekuja na panga kukata tunda kwenye mti wangu wa yago. Miaka yote wamenicheka kwa kuupanda mbele ya dirisha, eti bustani gani ya kuning'iniza masoseji ya mti. Sasa wanauhitaji, kwa sababu kwetu mwili ukikosekana, yago huzikwa badala yake.

"Mwalimu, unasoma magazeti mengi," akanikejeli. "Ziwa hujasoma."

"Nyinyi mmechoka kutafuta, basi mnazika!" nikamfokea. "Mnaharakishia nini? Akirudi hai atakuta kaburi lake!"

Nikasimama chini ya mti, tayari kupigana. Mzee mzima mimi. Ninaogopa kwamba yeye ndiye anayesema kweli, na hilo linanikasirisha zaidi.

Kisha Mama akatoka ndani. Akayatazama matunda kwa muda mrefu.

"Msikate hilo," akasema. "Fupi. Ouma ni mrefu."

Nikampokonya baba mdogo panga, nikaukwea mti mwenyewe.